Gome Alilopewa Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa na mikono mizuri, na mimi nilikuwa naichukia. Vidole virefu, kucha safi, hata akitoka kumenya mihogo ungesema ametoka kupaka mafuta. Asubuhi alipokuwa anatoka kwenda kutafuta dawa, mama yangu alimsindikiza mpaka mlangoni, akaishika ile mikono yote miwili na kuisomea dua kimyakimya, muda mrefu. Mimi niko uani na mswaki, povu linanikauka mdomoni. Mikono yangu hakuna aliyeisomea kitu. Nikisema, "Mama, mi naenda kazini," alikuwa anajibu, "Haya, mwanangu," na kugeuka kutazama jiko lake.

Tulikaa mtaa wa Bwiza, Burundi, kwenye nyumba aliyoiacha baba: mama, kaka yangu fundi wa magari, mkewe huyo, na mimi ambaye sikuwa nimeolewa. Ilikuwa miaka ya vita. Mchana mtaa ulichangamka, maduka wazi, muziki kwenye mabaa, watu wanabishana bei ya ndagala, dagaa wa ziwani. Jioni kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, kila mtu alikuwa ameshavuta mlango wake. Usiku tulisikia milio kutoka vilimani na kila mtu alijifanya amelala. Mimi nilikuwa muuguzi kwenye dispansari moja hapohapo mtaani, yenye chumba cha vitanda vichache na daktari aliyekuja mchana kuzunguka wagonjwa.

Mama alikuwa na dawa ya homa. Sisemi alikuwa mganga, asingekubali aitwe hivyo; alikuwa mama wa nyumba aliyejua dawa moja tu, basi. Aliipata kwa mama mkwe wake, bibi yangu, na bibi aliipata kwa mwingine kabla yake. Masharti yalikuwa mawili. Inashikwa na mwanamke mmoja tu katika nyumba. Na haitajwi jina, wala na anayeitoa wala na anayeinywa. Ukiitaja mbele ya mgonjwa imekufa, hata uchemshe sufuria zima. Watu walikuja, Waislamu na Wakristo, wa Bwiza kwetu na hata matajiri wa Kinanira wanaoacha gari kwenye kona kwa aibu. Walikunywa kikombe, wakakunja uso, wakarudi kwao. Wengi walipona, siwezi kusema uongo.

Nilikuwa bado mwanafunzi mama aliponiambia, ananisuka nywele, "Wewe ukikua, ukitulia, nitakuonyesha ule mti." Sikulala siku ile. Nilijiona tayari, mwanamke mzima, nina kikapu, watu wanabisha hodi wakiuliza kama niko. Nilisoma uuguzi, nikahitimu, nikaanza kazi, nikatulia kuliko maji ya mtungini. Nikasubiri.

Vita vikaja. Kaka akaoa. Magoti ya mama yakavimba, mlima wa kwenda kwenye ule mti ukawa haupandiki tena. Na jioni moja, nimerudi kazini, naona mama na wifi wametoka chumbani pamoja, wifi ameinamisha macho, mama amemwekea mkono begani, na sikuhitaji kuambiwa. Mwanamke aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kwetu! Hajui hata funguo za kabati ziko wapi!

"Kwani mimi?" nilimuuliza mama baadaye, wifi ameenda kuteka maji.

"We uko na hospitali yako," akasema.

"Hospitali si yangu, mama. Mi nimeajiriwa tu."

"Na binti ni wa kuolewa. Ukiolewa dawa itaenda kwa watu wengine. Mukwe ndiye anabaki."

"Nani ananioa mimi, na vita hii?"

"Mutoto, acha maneno," akasema mama, na mama akisema hivyo kesi imefungwa.

Roho iliniuma, jamani. Nasema iliniuma mpaka nilikuwa nahesabu wali anaopakuliwa wifi na wangu. Alfajiri kuvrefe ikifunguliwa tu yeye alitoka, kikapu kichwani, kanga imefungwa vizuri. Anarudi jua limepanda, viatu vina udongo mwekundu, anapitiliza chumbani kwa mama na mlango unafungwa. Nilikuwa nasikia wananong'ona. Wananong'ona nini kutwa? Mimi nikiumwa kichwa, mama ananiambia nimeze vidonge vyangu vya kazini. Siku moja nilimuuliza kaka kama anajua mkewe anakwenda wapi. Akasema anakwenda kutafuta dawa ya mama, kwani sijui? Nikamwambia, "Hongera, umeoa daktari," akacheka, mjinga yule, alidhani namsifu.

Watu wa dawa walipokuja uani, mimi niliingia ndani na kuwasha redio. Sikutaka kuwaona wakimwinamia wifi na kumwita "dada, dada." Kwa hiyo sikuwahi kukaa nikasikiliza walivyokuwa wanajisikia baada ya kunywa. Muuguzi mzima, mgonjwa yuko dirishani kwangu, na mimi natafuta stesheni!

Kazini nako homa ilikuwa imetushinda nguvu. Klorokini ilikuwa imechoka, unampa mtu leo, kesho anarudi anatetemeka vilevile. Ile dawa iliyokuja baadaye, inayotokana na majani ya Wachina, ilikuwa bado haijatufikia. Tulikuwa na kwinini. Kwa mgonjwa aliyezidiwa tunaitia kwenye chupa ya serumu, inadondoka polepole mshipani. Shuleni walitufundisha kwamba kwinini nayo ni mti: gome la mti uliotolewa ng'ambo ya bahari, wazungu wakaupanda mashamba kwa mashamba upande wa Kivu, na huku kwetu mmojammoja pale walipojenga kwenye baridi. Kiwandani wanalisaga gome, wanalichuja, wanatupa kila kitu mpaka inabaki ile chembe chungu peke yake. Nilipata alama nzuri kwenye somo lile, na halikuwahi kunipitia akilini tena.

Halafu mama mwenyewe akaugua. Wifi akamfungia chumbani na vikombe vyake, mama akanywa akatapika, akanywa akatapika, na homa ikazidi. Nikasema basi, imetosha, mama anakuja kwangu. Kaka akambeba mgongoni mpaka dispansari. Nilimchagulia kitanda cha dirishani, nikamtandikia shuka nililoleta nyumbani, nikautafuta mshipa mwenyewe na kuupata mara ya kwanza. Kwinini ikaanza kudondoka. Nilimtazama wifi amesimama mlangoni na mikono yake mizuri haina kazi, na nilijisikia vizuri ajabu. Haya sasa, tuone dawa ya nani.

Na kweli jioni ile mama alifungua macho, akaomba uji. Niliutengeneza mwenyewe, mwepesi, na sukari. Akanywa vijiko viwili vitatu akasema umemtosha.

Kesho yake wifi akaja na thermosi. "Nimemuletea chai ya rangi," akasema. Akaomba nimwachie amfute mwili, mkwe wake anaona haya mbele za watu. Akafunga kanga kuzunguka kitanda kama pazia, na huko nyuma nikasikia kikombe kikigonga meno, na mama, mama yangu aliyekataa uji wangu, anakunywa mpaka mwisho. Wallahi nilitaka kuipasua ile thermosi. Alirudi tena mchana, akarudi tena alasiri. Kila akija, pazia, kikombe, na mama anameza bila kulalamika. Mimi nikileta uji anageukia ukutani.

Siku iliyofuata mama akaharibika. Alianza kutapika upya. Jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana. Nikimwita anatazama mdomo wangu na hajibu. Daktari alikuja mchana, akamfunua macho, akasikiliza moyo, akatingisha kichwa.

"Imepanda kichwani," akaniambia. "Dozi tuliyompa haitoshi. Andaa nyingine, tuongeze."

Nikasema sawa. Nikageuka kufuata chupa mpya, na pale kwenye kigoda naiona thermosi ya wifi, na kikombe kimejaa nusu, kinatoa moshi. Wifi ameketi ukingoni mwa kitanda, amekipakata kichwa cha mama. Moto ukanipanda. Nikasema moyoni, ngoja na mimi nionje haya mapenzi yana utamu gani. Nikakichukua kikombe nikapiga funda zima.

Uchungu ule! Si uchungu wa majani ya umubirizi, ambao kila mtoto wa Burundi ameshanyweshwa akishikwa pua. Huu ulinyooka, ukakaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Na ulimi wangu ulikuwa unaujua. Kila siku kazini nilikuwa nawasagia watoto vidonge vya kwinini na kuvichanganya na ndizi mbivu, unga unabaki vidoleni, unajisahau unalamba. Ulikuwa ni huohuo. Nikawakumbuka wagonjwa wetu wa serumu, wote wimbo wao mmoja: masikio yanalia, muganga, masikio yanaimba, sisikii vizuri. Nikamtazama mama anavyonitazama mdomo.

"Hii ni nini?" nilimuuliza wifi.

"Ni chai."

"Chai ya nini?"

"Ni chai, wifi."

"We! Daktari anataka kumuongezea dawa! Kama hii ni ile ninayoidhani, itamuua! Sema!"

Akafumba mdomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini mdomo ameufumba, na anamtazama mama kama mtu anayeomba ruhusa. Nilimshika kanga kifuani nikamnyanyua. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kusema, "Jamani, jamani, si mbele ya mgonjwa." Na neno hilo ndilo lililonizindua: si mbele ya mgonjwa. Hakuwa anakataa kwa jeuri. Aliamini akiitaja tu, dawa inakufa na mama anakufa nayo. Nami nilikuwa nimelelewa katika nyumba ileile. Nikiwa mahali pake ningekaa kimya vilevile.

Nikamwachia. Nikafungua kiganja changu mbele yake. "Usiseme," nikamwambia. "Usitaje kitu. Weka tu hapa."

Akanitazama. Halafu akaingiza mkono kwenye pindo la kanga yake, akatoa kipande cha gome kirefu kama kidole, cha kahawia nje, ndani chekundu, akakiweka kiganjani mwangu. Hapo sharti halikuvunjika, maana hakuna aliyesema kitu. Baadaye nilijua kwamba nyumbani yeye na mama walikuwa wanalichemsha pamoja na majani ya umubirizi, ndiyo maana uchungu wa gome ulijificha miaka yote. Pale dispansari aliogopa tutaona ukijani na kunusa, akachemsha gome peke yake, kali, lifanane na chai ya rangi.

Nilitoka mbio. Daktari alikuwa kijana, ametoka chuo kikuu si zamani, nami nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alilivunja gome, akalitafuna, akatema kwenye sinki.

"Ee! Ni yenyewe," akasema. "Amekunywa kiasi gani?"

"Tangu jana. Kila wifi yangu akija."

"Na sisi tunamtia mshipani." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Mngemuua kwa dawa nzuri mbili, nyinyi. Toa ile chupa. Sukari yake imeshuka, hii dawa ikizidi inashusha sukari. Lete serumu ya glukozi, haraka."

Nikaitoa ile chupa ya kwinini niliyoitundika kwa kiburi chote kile, nikafunga nyingine. Mimi niliyekuwa hodari wa mishipa niliukosa mshipa mara mbili, na daktari akanipokonya sindano akachoma yeye. Tukabaki tumekaa, mimi upande huu, wifi upande ule.

"Ulitaka kumuua," nilimwambia.

"Na we ndiye uliyemutundikia ile chupa," akasema, bila kuinua sauti.

"Ungeniambia!"

"Ungeniuliza lini? Tangu niolewe hujaniuliza hata nimelalaje."

Tulikuwa tumegombea mama siku zote zile, yeye na gome lake, mimi na chupa yangu, na kumbe tulikuwa tunamnywesha mti mmoja. Lililokuwa likinichoma si hatari hata. Lililonichoma ni kwamba dawa ile ya siri, niliyoililia tangu nasukwa nywele, nilikuwa naishika kila siku kazini kwenye kasha la karatasi, na bado haikuwa imepunguza wivu wangu hata chembe. Kwinini ilikuwa kila mahali. Nilichotaka ni mama anishike mkono aniambie, twende nikuonyeshe, na hicho alikuwa amepewa yule pale, aliyeketi anamfuta mama yangu jasho.

Alasiri mama akarudi. Jasho lilipungua, macho yakatulia, akatutaja wote wawili. Nikamwinamia nikamuuliza anajisikiaje. Akatingisha kichwa, akaonyesha masikio yake.

"Siwasikii," akasema kwa sauti kubwa, watu wakageuka. "Kuna nyuki ndani ya kichwa."

Daktari akasema ni kawaida, kwa wengi usikivu unarudi polepole, tumpe muda. Nikamwandikia mama kwa mikono hewani: lala, pumzika, umepona. Akatabasamu. Kisha jicho lake likaangukia kigoda. Kile kipande cha gome kilikuwa pale, daktari alikirudisha. Mama alikitazama, akanitazama mimi, akamtazama wifi, na uso ukambadilika. Alijua limetoka mafichoni.

"Mwanangu," akaniambia, "niletee maji."

Mtungi ulikuwa pembeni kabisa, karibu na mlango. Nikaenda. Nyuma yangu mama alimvuta wifi shingoni, akalileta sikio lake mpaka mdomoni, na kumnong'oneza. Yeye alidhani ananong'ona. Masikio yale hayakuwa yanamwambia sauti yake inafika wapi. Ilifika mpaka barabarani.

"Kwa nini umemuonyesha? Nilikukataza! Sikiliza. Ule muti wa kwanza tumeubandua sana, utakufa. Nenda kwa wa pili, juu ya Kiriri, nyuma ya nyumba ya muzungu iliyobomoka. Pitia bondeni. Kule kwa njia askari wanapiga, na juu kule wengine nao wanapiga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili ameacha kutafuna. Mwanamke aliyekuwa anafagia amesimama na fagio lake. Ndivyo nilivyorithishwa dawa ya nyumba yetu, siku moja na wagonjwa wote na mfagiaji, na hata hapo, kikombe mkononi, nilipata nafasi ya kuona gere kwamba wao wameisikia sawasawa na mimi.

Wifi alijaribu kumziba mama mdomo kwa upole. Mama akauondoa ule mkono, akaushika, akaendelea.

"Na huyu usimwambie ni wapi. Akijua atataka kwenda, kichwa chake namujua. Toka vita ianze nimemuficha. Mutoto mwanamuke nimezaa mumoja tu. Siwezi kumutuma kwa masasi. We nenda, mukwe wangu. We nenda tu, nakuombea."

Akampigapiga shavuni, akarudisha kichwa kwenye mto, ametulia, siri yake ameiweka mahali salama. Akafumba macho.

Maji yalikuwa yananimwagikia miguuni. "Ni homa," nikasema, "anaweweseka." Daktari alikuwa mlangoni na yeye akatazama chini.

Wifi akanyooka. Hakunitazama mimi, alitazama mkono wake uliokuwa bado umeshikwa na mama.

"Mi nilidhani ananipenda," akasema.

Jasho lilikuwa limeanza tena kumtoka mama shingoni. Wifi akachukua kitambaa kwa mkono ule mwingine, akaendelea kumfuta.